Kuitunza Jenereta ya Akiba Wakati Umeme Upo: Mwongozo kwa Nyumba na Biashara

Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, na tangu hapo mgawo uliowachosha wakazi wa Dar es Salaam na mikoa mingine mwishoni mwa 2023 umepungua sana. Kwa mwenye duka la dawa, bucha, saluni, au nyumba yenye mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa jenereta iliyoko uani, hata hivyo, kipindi cha nafuu ndicho kipindi cha hatari, kwa kuwa mashine ya akiba huharibika zaidi kwa kukaa kuliko kwa kufanya kazi. Petroli huchacha ndani ya kabureta, betri huishiwa chaji, maji hujikusanya chini ya tangi la dizeli, na kutu huanza kula chuma kilichoachwa kitupu baada ya oili kushuka. Hayo yote hutokea kimya kimya, na mwenye mali huyagundua siku ambayo mashine inahitajika.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, sehemu ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ilibaki gizani kwa sababu jenereta ya akiba iliyotakiwa kuihudumia haikuwaka. Ikiwa hilo liliweza kutokea mahali penye mafundi wa zamu, basi mwenye jenereta moja ya kilowati 3 anahitaji utaratibu ulioandikwa, unaofuatwa hata miezi ambayo umeme haujakatika hata mara moja. Utaratibu wenyewe si mgumu, na sehemu kubwa yake haihitaji fundi.

Anza na kibati cha mashine

Kila jenereta ina kibati kinachoeleza uwezo wake, volti na mizunguko ya umeme wake kwa sekunde (hezi). Uwezo ukiandikwa kwa kVA (kilovolti-ampia), zidisha kwa 0.8 ili kupata kilowati, kwa hiyo jenereta ya kVA 10 hutoa takriban kilowati 8. Andika namba hizo kwenye daftari litakalokaa karibu na mashine, pamoja na aina ya oili, namba za filta na tarehe uliyonunua betri. Daftari hilo ndilo litakalokuambia lini ubadili nini, kwa sababu matengenezo ya jenereta hupimwa kwa saa ilizofanya kazi. Kama mashine yako haina mita ya saa, andika muda wa kuwasha na muda wa kuzima kila inapotumika.

Angalia pia kama uwezo ulioandikwa ni wa matumizi ya akiba au wa kazi ya mfululizo, kwa kuwa mashine iliyokusudiwa akiba haiwezi kubebeshwa mzigo wake wa juu kutwa kucha bila kuchakaa upesi. Wakazi wa Unguja wanalijua jambo hili vizuri: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, na jenereta ikawa ndiyo tegemeo la nyumba, maduka na hoteli. Katika hali kama hiyo mashine ndogo inayofanya kazi saa 10 kwa siku hufikisha saa 100 ndani ya siku 10 tu, na mwenye kusubiri miezi sita ndipo abadili oili atakuwa amekwisha kuiua injini.

Mahali inapokaa

Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, na ekzosi ielekezwe mbali na nyumba zote, yako na ya jirani. Baraza, gereji iliyoachwa wazi, chumba cha stoo chenye dirisha, au ukumbi wa nyuma wa duka si nje. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kutapika wakati jenereta inawaka, mtoeni kwenye hewa safi mara moja, zimeni mashine na mumpeleke hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Mashine iwekwe juu ya msingi wa zege ulio sawa, ulioinuka kiasi cha kutofikiwa na maji ya mvua za masika. Paa linahitajika, lakini kuta nne hazihitajiki, kwa sababu injini inayovuta hewa yake yenyewe ya moto hupoteza nguvu na kuchemka. Kwa walio karibu na bahari, upepo wa chumvi hula vichwa vya nyaya na boliti mapema kuliko bara, hivyo futeni mashine kwa kitambaa kila wiki na mpake grisi nyepesi kwenye maungio ya chuma. Usiifunike kwa nailoni ikiwa bado ina joto, maana unyevu hunaswa ndani na kugeuka kutu. Kila unapoikagua, chungulia tundu la kuingizia hewa na mdomo wa ekzosi: nyigu hujenga viota vya udongo humo, na panya hupenda kutafuna nyaya za mashine isiyowashwa mara kwa mara.

Mafuta

Hapa ndipo jenereta nyingi ndogo hufia, hasa za petroli. Petroli iliyokaa miezi michache hupoteza sehemu yake nyepesi inayoshika moto haraka, na inayobaki ndani ya kabureta hukauka na kuwa utando wa gundi unaoziba matundu membamba ya kupitishia mafuta. Mashine huvutwa kamba mpaka mkono unachoka, plagi ya cheche hubadilishwa bila sababu, kumbe tatizo ni tone la petroli ya zamani. Kinga yake ni rahisi. Kila unapomaliza kuitumia na hutarajii kuiwasha tena ndani ya mwezi, ondoa mzigo wote, funga koki ya mafuta na uiache injini iendelee kuwaka hadi izimike yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Petroli iliyobaki kwenye dumu itumie kwenye gari au pikipiki kabla haijazidi miezi mitatu, kisha nunua nyingine.

Dizeli huvumilia zaidi, lakini adui yake ni maji. Tangi lililo nusu lina hewa, na hewa ya Pwani ina unyevu unaogeuka matone kwenye kuta za tangi usiku joto linaposhuka, ukateremka na kukaa chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu na ukungu, na utando wao wenye utelezi huziba filta. Kwa hiyo weka tangi likiwa limejaa karibu na mdomo wakati mashine imepumzika. Mara moja kwa mwezi fungua kizibo cha chini ya tangi, au cha filta inayotenganisha maji, ukinge kidogo kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Dizeli nzuri huonekana angavu. Ukiona tabaka la maji chini, endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu. Ukiona vipande vyeusi au utando kati ya maji na mafuta, tangi lote linahitaji kumwagwa na kusafishwa kabla mashine haijawashwa tena.

Nunua mafuta kwenye kituo na udai risiti. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, hasa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, na vifaa hivyo viwili ni miongoni mwa vya bei kubwa zaidi katika injini. Unafuu wa bei kwenye dumu la kando ya barabara ni mdogo sana ukilinganisha na gharama ya kutengeneza pampu.

Usiiache injini ya dizeli iishiwe mafuta ikiwa inawaka. Ikiishiwa, hewa huingia kwenye mirija, na kujaza tangi peke yake hakutaiwasha mpaka hewa itolewe kwa kulegeza skrubu iliyo kwenye filta na kupampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila mapovu. Mwombe fundi akuonyeshe kazi hiyo siku ya matengenezo ya kawaida, mashine ikiwa nzima.

Oili, filta na maji ya rejeta

Pima oili mashine ikiwa imepoa na imekaa mahali sawa. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena na usome. Jenereta nyingi za petroli za kilowati 2 au 3 hubeba chini ya lita moja ya oili, hivyo upungufu wa kikombe kimoja cha chai kwao ni mkubwa. Baadhi zina kifaa kinachozima injini oili ikipungua, na mwenye mashine asiyejua hilo hudhani imeharibika.

Kwa mashine mpya ya petroli, badili oili baada ya saa 20 za mwanzo, kwa sababu vipande vidogo vya chuma hutoka injini inapojizoeza, kisha kila saa 100 au kila miezi sita, chochote kitakachotangulia. Kwa dizeli, kipimo cha kawaida ni saa 250 au mwaka mmoja. Kitabu cha mashine yako kikisema vinginevyo, fuata kitabu. Neno la kukazia hapa ni mwaka mmoja: hata kama mashine imefanya kazi saa 15 tu, oili iliyokaa mwaka mzima imenyonya unyevu na ina asidi itokanayo na uchomaji, na kuiacha ndani ni kuilisha injini kutu. Mwaga oili ikiwa na joto kidogo ili itoke na uchafu wake, badili filta ya oili papo hapo, na oili chafu usiimwage kwenye mtaro.

Filta ya hewa ya sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kabisa, kisha hutiwa oili kidogo na kukamuliwa tena. Ile ya karatasi haioshwi, hukung'utwa vumbi na kubadilishwa. Mahali penye barabara ya vumbi, fanya hivyo mara mbili zaidi ya kitabu kinavyosema. Plagi ya cheche ya injini ya petroli isafishwe kila unapobadili oili na nafasi kati ya ncha zake ipimwe, kwa kawaida milimita 0.7 hadi 0.8.

Kwa injini yenye rejeta, usitumie maji ya bomba wala ya kisima. Maji hayo, hasa ya visima vya Pwani yenye chumvi, huacha magaga ndani ya mirija na kula kuta za silinda. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, na uibadili kila baada ya miaka miwili. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Betri

Jenereta ya kuwasha kwa ufunguo ikigoma, shuku betri kwanza. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na mashine yenyewe, lakini kikishindwa, mashine ya mamilioni ya shilingi inakuwa chuma tu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, na ikikaa katika hali hiyo kwa wiki kadhaa sahani zake hushika chumvi ngumu isiyotoka tena kwa kuchajiwa. Kipimo hiki peke yake hakitoshi. Mwambie mtu awashe huku wewe umeshika kipima volti: namba ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazungusha injini, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri ilipokuwa imetulia.

Jenereta inayojiwasha yenyewe huwa na chaja ndogo inayotumia umeme wa gridi kuilinda betri. Chaja hiyo hukatika bila mtu kujua, kwa hiyo kila mwezi hakikisha betri inasoma kati ya volti 13.2 na 13.8 ikiwa imeunganishwa nayo. Kwa jenereta isiyo na chaja, zoezi la mara kwa mara nitakalolieleza hapa chini husaidia, lakini chaja ndogo ni nunuzi jema kuliko kutegemea zoezi peke yake.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya, visugue kwa maji ya moto yenye magadi, vikaushe, upake grisi, na urudishe chanya kwanza na hasi mwisho. Betri za kujazwa zitiwe maji yasiyo na madini yanayouzwa kwa ajili ya betri, si asidi na si maji ya bomba. Katika joto letu, betri ya miaka mitatu imeshazeeka. Ibadili ukiwa na nafasi ya kuchagua na kulinganisha bei, wala usingoje igome.

Zoezi la kila mwezi

Hili ndilo jambo moja ambalo, kama huna muda wa mengine yote, nakusihi usiliache. Angalau mara moja kwa mwezi, washa jenereta kwa dakika 30 ikiwa imebebeshwa mzigo. Kuiwasha dakika tano na kuizima, kama wengi wafanyavyo ili tu kusikia mlio wake, kunaleta madhara zaidi ya faida, kwa kuwa injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo kwenye oili na kwenye ekzosi.

Mzigo ni wa lazima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba injini kuwaka si ushahidi kuwa umeme unatoka. Sehemu inayozalisha umeme katika jenereta nyingi hutegemea usumaku mdogo uliobaki ndani yake ili kuanza, na ikikaa muda mrefu bila kuzungushwa usumaku huo unaweza kupotea, mashine ikanguruma vizuri huku soketi haina kitu. Fundi anaweza kuurudisha kwa dakika chache, lakini ni heri ulijue hilo siku ya zoezi. Ya pili inahusu dizeli. Injini ya dizeli isiyo na mzigo huwa baridi mno kuchoma mafuta yote, na yale yasiyochomwa hushikamana na masizi, yakapaka kuta za silinda, yakaharibu oili na kutona meusi kwenye maungio ya ekzosi. Ukiona utomvu huo mweusi, mashine yako imekuwa ikifanya kazi nyepesi mno kwa muda mrefu.

Mzigo wa zoezi usipungue asilimia 30 ya uwezo. Kwa jenereta ya kilowati 3, pasi moja ya umeme inatosha. Kwa jenereta ya kVA 20, ambayo ni kilowati 16, unahitaji kilowati 5 hivi, yaani viyoyozi pamoja na hita ya maji. Mashine iliyokwisha kushika masizi ipandishiwe mzigo taratibu hadi asilimia 70 au 80 na ifanye kazi hivyo saa moja au mbili. Itatoa moshi mzito mwanzoni, kisha utapungua. Usipopungua, mwite fundi. Hapa pia naona inafaa kuwaonya wanaonunua: kuchukua jenereta ya kVA 30 kwa duka linalotumia kilowati 4, kwa hofu ya kulemewa, ni kununua ugonjwa huo kwa bei ya juu.

Wakati mashine inawaka, pima volti, ambazo zinapaswa kuwa karibu na 230 kwa umeme wa njia moja (singo fezi), na mizunguko iwe karibu na hezi 50, ikiruhusiwa kufika 52 bila mzigo. Tazama moshi: mweusi usiokoma huashiria filta ya hewa iliyoziba au mzigo uliozidi, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usioisha baada ya injini kupata joto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Mwite mlinzi, au yeyote anayebaki usiku, aiwashe na kuizima yeye mwenyewe mbele yako, kwa maana yeye ndiye atakayekuwapo umeme utakapokatika saa nane za usiku.

Swichi ya kubadilishia umeme

Jenereta iunganishwe na nyumba kupitia chenjiova iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni, inayohakikisha kwamba umeme wa gridi na wa jenereta haukutani hata mara moja. Ile desturi ya kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi mbili iachwe kabisa. Umeme hupita kinyume kwenye mita, hufika kwenye transfoma na kupandishwa hadi maelfu ya volti kwenye nyaya ambazo mafundi wa TANESCO, au wa ZECO kwa Zanzibar, wanaamini hazina moto. Ncha ya pili ya waya huo, ikichomoka, humuua aliye karibu nayo. Mwombe pia fundi apime ethi ya jenereta, yaani waya unaoiunganisha na ardhi, kila mwaka, kwa sababu ardhi ikikauka kiangazi uwezo wake hupungua.

Siku umeme unapokatika

Hakikisha chenjiova iko katikati au upande wa gridi, pima oili, fungua koki, washa, na uiache injini ipate joto kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kuhamisha mzigo. Anza na mota kubwa moja moja, kwa kuwa friji, pampu ya maji na kiyoyozi huvuta mara kadhaa ya umeme wao wa kawaida vinapoanza. Friji la chanjo au la samaki litangulie, kisha subiri litulie, ndipo uwashe pampu, na taa na kompyuta zifuate mwisho. Usijaze mafuta mashine ikiwaka au ikiwa ya moto. Izime, subiri dakika 15, ndipo ujaze.

Umeme ukirudi, usihamie mara moja, kwa sababu dakika za kwanza mara nyingi volti huyumba. Subiri dakika kumi, hamisha mzigo, na uiache jenereta iwake tupu dakika tatu hadi tano ili ipoe sawasawa kabla ya kuizima. Ikishapoa, jaza tangi ikiwa ni ya dizeli, au ondoa petroli kwenye kabureta kama nilivyoeleza, pima oili tena, rudisha swichi ya kujiwasha kwenye nafasi yake kama ipo, na uandike saa zilizotumika kwenye daftari.